Ekzosi ya pikapu si tarumbeta

Wahenga walinena kwamba debe tupu haliachi kuvuma. Lau wangalikuwako leo, wakasimama kando ya njia itokayo Kipini kwenda Witu, pikapu za samaki zinapopita moja baada ya moja, nadhani wangaliongeza neno jingine juu ya lile: kwamba gari lingurumalo kuliko wenzake si lazima liwe ndilo lenye nguvu. Aghalabu huwa ni kinyume. Ngurumo ile ni sauti ya bomba lililooza, au ya bomba jipya lililonunuliwa bila kufikiriwa. Na katika hali zote mbili kuna mtu anayelipa gharama yake, akijua asijue.

Huenda msomaji akashangaa kwamba nautumia ukurasa huu, ambao kwa desturi huzungumzia siasa za kaunti, bei ya unga na ugomvi wa malisho, kwa habari za bomba la moshi. Sababu ninayo. Huku kwetu katika delta ya Tana, pikapu si chombo cha fahari. Ndiyo lori la mvuvi na la mkulima wa maembe; ndiyo gari la mgonjwa usiku; ndiyo gari la maharusi na, Mungu atuepushe, ndiyo gari la maiti. Mimi mwenyewe ninayo pikapu ya dizeli, na nimeitumia kwa nazi, kwa samaki na kwa saruji. Katika vitu vyote vilivyo chini ya gari la aina hiyo, hakuna kinachooza upesi kama ekzosi, na hakuna ambacho wenye magari hukibadilisha kwa fikira chache kuliko hicho. Mtu atazunguka maduka matano akitafuta tairi moja, lakini ekzosi huiacha mikononi mwa fundi na kumwambia, "Weka yoyote."

Nionavyo mimi, hiyo "yoyote" ndiyo chanzo cha hasara. Kuchagua ekzosi ni jambo la fedha, la afya na la ujirani mwema, na kila moja kati ya hayo matatu lafaa kutazamwa kwa utulivu.

Tuanze na mahali penyewe. Kipini iko pale Mto Tana, ulio mrefu kuliko mito yote ya Kenya, unapomwaga maji yake katika Bahari ya Hindi. Upande mmoja ni mikoko na matope, upande mwingine ni mchanga na povu la mawimbi. Hewa yake ina chumvi mchana na usiku. Chumvi hiyo hutua juu ya chuma na kuvuta unyevu, na chuma kisipokauka hula kutu. Gari likishushwa ufuoni kupakia samaki, magurudumu hurusha mchanga wenye maji ya bahari hadi kila pembe iliyo chini ya bodi. Likirudi barabarani, mawe hukwaruza rangi na kuifungulia kutu mlango.

Hiyo ni hasara ya nje. Iko nyingine ya ndani ambayo wengi hawaijui. Lita moja ya petroli ikiungua ndani ya injini hutoa maji yapatayo lita moja, na dizeli vivyo hivyo. Maji hayo hutoka yakiwa mvuke. Gari likienda safari ndefu, bomba lote hupata moto na mvuke hutoka wote nje. Lakini gari linalowashwa, likaenda kutoka ufuoni hadi dukani na kuzimwa, halipati moto wa kutosha. Mvuke hugeuka maji ndani ya sailensa, ukachanganyika na asidi zitokanazo na mafuta yaliyoungua, na sailensa ikaanza kuoza kutoka ndani kabla jicho halijaona doa lolote nje. Hii ndiyo sababu gari la safari fupi huua ekzosi nyingi kuliko gari la safari ndefu, ingawa la pili limeenda kilomita nyingi zaidi.

Sasa tuitazame ekzosi yenyewe, maana anayenunua asichokijua huuziwa asichokitaka. Moshi hutoka kwenye injini kwa kupitia manifoldi. Katika pikapu nyingi za dizeli za siku hizi hupita kwanza kwenye turbo, ambayo huzungushwa na nguvu ya moshi huo huo. Kisha, katika magari mengi, hupita katika kile kidude ambacho mafundi hukiita katalitiki, ambacho hugeuza sumu kadhaa za moshi ziwe hewa zisizodhuru sana. Baada ya hapo huja sailensa, ambayo kazi yake ni kuua kelele, na mwisho ni bomba la mkia. Vyote hivyo huning'inizwa kwa mipira ili mtikisiko wa injini usifike kwenye bodi. Mtu akisema "ekzosi imeharibika", yafaa aulizwe ni sehemu gani hasa. Mara nyingi iliyokufa ni sailensa peke yake, au kipande cha bomba kinachopinda juu ya ekseli ya nyuma. Fundi mwaminifu hubadilisha kilichooza na kukiacha kilicho kizima. Asiye mwaminifu hung'oa vyote, na hasa katalitiki, kwa kuwa ndani yake mna platinamu, paladi na rodi, madini yenye thamani kubwa. Mwenye gari huambiwa kidude kile "kimeziba" na kwamba gari litakuwa jepesi bila ya hicho. Kidude huenda kuuzwa, na mwenye gari hulipia kazi ya kuibiwa.

Naam, katalitiki huweza kuziba kweli, hasa injini ikiwa yala oili. Lakini hiyo ni dalili ya maradhi ya injini, na kukata bomba hakumponyi mgonjwa. Kuna waliozoea kusema kwamba vidude hivi si vya mafuta ya Afrika. Kauli hiyo ilikuwa na ukweli zamani, petroli yetu ilipokuwa na risasi, kwa kuwa risasi huua katalitiki. Kenya na nchi nyingine za kusini mwa Sahara ziliachana na petroli ya risasi ilipofika Januari 2006. Na tangu Januari 2015, dizeli iingiayo Kenya na kwa jirani zetu wa Afrika Mashariki hutakiwa isizidi sehemu 50 za salfa katika milioni. Kisingizio hicho kimekwisha muda wake.

Suala la pili ni chuma. Mabomba yanayouzwa ni ya aina tatu kwa ujumla. Ya kwanza ni ya chuma cha kawaida kilichopakwa rangi nyeusi. Ndiyo rahisi kuliko yote, na kando ya bahari ndiyo yenye umri mfupi kuliko yote. Ya pili ni ya chuma kilichovikwa alumini, ambayo hustahimili zaidi, isipokuwa pale fundi alipochomelea. Moto wa kuchomelea huondoa lile vazi la alumini, na kutu huanzia hapo hapo. Pahali hapo hapana budi papakwe rangi inayohimili joto. Ya tatu ni ya chuma cha pua, na hapa ndipo pana mtego.

Chuma cha pua si kitu kimoja. Aina iitwayo 409, itumiwayo na viwanda vingi vya magari, ina kromi kiasi cha asilimia 11. Hupata kutu ya juu juu lakini haitoboki upesi. Aina ya 304 ina kromi kiasi cha asilimia 18 na nikeli kiasi cha asilimia 8, nayo hustahimili zaidi. Ya 316 huongezewa molibdeni, na ndiyo itumiwayo sana katika vyombo vya baharini. Hata 304 ikikaa Kipini itapata madoa ya kahawia kama ya chai, kwa kuwa chumvi hushambulia ule utando wa kromi unaoilinda. Lakini madoa si matundu, na hilo ndilo la kujali.

Mnunuzi ajuaje anachouziwa? Atie sumaku mfukoni. Sumaku hunata kwenye chuma cha kawaida na kwenye 409, lakini hainati barabara kwenye 304. Niliwahi kuingia katika duka moja la spea, ambalo sitalitaja, nikaonyeshwa bomba linalong'aa kama sufuria mpya, nikaambiwa ni 304 halisi. Nilipoisogeza sumaku, ikalirukia bomba kwa mlio. Muuzaji akanyamaza, nami nikaondoka. Hata hivyo sumaku si hakimu wa mwisho. Kuna chuma cha pua cha bei nafuu, cha jamii ya 200, ambacho sehemu kubwa ya nikeli yake imebadilishwa kwa manganizi. Nacho hakishiki sumaku, ila hushindwa na chumvi mapema zaidi. Kwa hiyo sumaku humfichua mwongo mmoja na kumpitisha mwingine. Dawa ya huyo wa pili ni risiti. Nambari ya chuma iandikwe kwenye risiti pamoja na muda wa dhamana. Muuzaji akikataa kuandika alichokisema kwa mdomo, basi amekwisha kujibu.

Jambo la kuchomelea nalo si dogo. Nimeona bomba zuri la chuma cha pua likiunganishwa kwa rodi za chuma cha kawaida kwa kuwa ndizo zilizokuwapo gerejini. Baada ya mvua moja ya masika, bomba lilikuwa bado laking'aa, na mshono ulikuwa umegeuka mwekundu. Mnyororo hukatikia penye pete dhaifu. Chuma cha pua huchomelewa kwa waya wa chuma cha pua, na fundi asiyekuwa nao aseme hana.

Nije sasa kwenye jambo linalowachangamsha vijana, nalo ni unene wa bomba. Kijana mmoja mwenye pikapu ya petroli alinijia akiwa na nia ya kuondoa bomba la inchi 2 na kutia la inchi 3. Aliniambia, "Ami, gari bila sauti halina heshima." Nikamjibu, "Mwanangu, heshima ya gari ni mzigo kufika." Alicheka, lakini tulikaa tukapiga hesabu. Bomba la inchi 3 halizidi la inchi 2 kwa nusu tu, kama idhaniwavyo. Upana wa njia ya moshi huongezeka mara 2 na robo. Moshi ule ule, ukipewa njia pana namna ile, hupunguza mwendo, kama maji ya mfereji yanapoingia bwawani. Katika injini isiyo na turbo, mwendo wa moshi unaotoka husaidia kuvuta moshi uliobaki ndani ya silinda. Mwendo ukipungua, injini hupoteza nguvu pale pale inapohitajika sana, yaani katika mizunguko ya chini, gari linapojikwamua mchangani likiwa na mzigo.

Kuna kauli iliyoenea katika magereji kwamba injini inahitaji kuzuiwa na moshi wake ili iwe na nguvu. Si sahihi. Kizuizi hakiisaidii injini hata siku moja. Kinachoisaidia ni mwendo. Ndiyo maana pikapu ya dizeli yenye turbo ina hukumu yake mbali. Turbo hufanya kazi vizuri njia ikiwa wazi nyuma yake, na hapo bomba pana kidogo huweza kuleta faida. Lakini nasema kidogo. Injini iliyotoka kiwandani, ambayo haikuongezewa mafuta wala hewa, haigeuki simba kwa kubadilishiwa mkia. Anayeahidiwa miujiza na muuza mabomba aombe aonyeshwe kipimo, asionyeshwe kelele. Kwa mwenye pikapu ya kazi, kanuni iliyo salama ni kufuata unene uliowekwa na kiwanda, au kuuzidi kwa kiasi kidogo tu.

Na hiyo kelele yenyewe? Sailensa ni za namna mbili kuu. Moja ina vyumba ndani, ambamo mawimbi ya sauti hugongana na kuuana. Nyingine ina bomba lenye matundu lililozungushiwa sufi ya nyuzi za kioo, ambayo huinywa sauti. Hii ya pili ndiyo ipendwayo na wapenda mwendo, kwa kuwa hupitisha moshi wepesi. Lakini huku kwetu sufi ile hunywa na maji pia, hushikana, huungua na kupeperuka, na sailensa iliyoanza kwa sauti nzito ya kupendeza huishia kupiga kelele kama bati tupu. Kwa gari la pwani lenye safari fupi, sailensa ya vyumba ndiyo hodari.

Sheria nayo ina neno lake. Kanuni za trafiki za Kenya humtaka kila mwenye gari awe na sailensa ifanyayo kazi. Kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo za 2009, zilizotungwa chini ya Sheria ya Mazingira ya 1999, zimeyagusa magari pia. Lakini hata pasingekuwapo sheria, upo ujirani. Kipini si jiji. Nyumba zimekaribiana, watoto husoma chuoni jioni, wagonjwa hulala, na wavuvi waliokesha baharini hulala mchana. Asiyejali usingizi wa jirani yake kwa sababu ya bomba hawezi kulalamika jirani asipokuja kumsaidia kusukuma gari.

Nimeliacha mwisho jambo ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote, kwa kuwa hili halihusu fedha wala usingizi. Linahusu roho za watu.

Moshi wa gari una hewa iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, haina ladha. Ikiingia mapafuni hushikamana na damu kwa nguvu inayoishinda oksijeni zaidi ya mara 200. Mtu huumwa na kichwa, hupata kizunguzungu na kichefuchefu, hulegea, kisha husinzia. Msafiri aliyeamka saa tisa za usiku, akakaa juu ya magunia, akitikiswa na njia mbovu, atadhani ni uchovu tu. Wenzake watasema, "Mwacheni alale." Na kumbe usingizi ule si wa kuachwa.

Kila mmoja wetu ameziona pikapu zilizofunikwa turubai, nyuma kumejaa kina mama na ndoo zao, watoto wakiwa mapajani. Sheria haipendi abiria wapakiwe juu ya mizigo, nami siitetei desturi hiyo. Lakini kuikataza kwa mdomo hakujaleta basi. Maadamu watu bado wanasafiri hivyo, mwenye gari anawajibika juu ya hewa wanayoivuta. Bomba lililokatwa njiani, likaishia chini ya kitanda cha mizigo, huumwaga moshi moja kwa moja chini ya miguu ya abiria, nao hupanda kwa kila tundu la bati. Tena, gari likienda mbio, nyuma yake hutokea uwazi wa hewa unaovuta vumbi na moshi kurudi ndani. Aliyefungua turubai nyuma na kulifunga mbele amewatengenezea abiria wake chimni. Kwa hiyo, bomba lolote litakalochaguliwa lazima litoke hadi kupita ukingo wa bodi na kuelekezwa mbali na watu; viungo vyote viwe vimebana; na turubai liachiwe njia ya hewa mbele ili upepo upite. Gari likisimama huku injini ikinguruma, abiria washuke au injini izimwe.

Kukagua uvujaji hakuhitaji mashine. Asubuhi, gari likiwa baridi, liwashwe. Mtu mmoja azibe mdomo wa bomba kwa kitambaa kinene kwa sekunde chache, mwingine asikilize chini. Palipo na mwanya patalia "fsss". Kadhalika, masizi meusi kwenye kiungo ni ushahidi kwamba moshi unapita hapo. Kazi hiyo ifanywe uwanjani penye hewa, kamwe isifanywe ndani ya banda. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa huu, ukiachwa, huenda ukachimba kaburi.

Wenye gari la petroli wana sababu nyingine ya kuuziba. Ufa ulio karibu na sensa ya oksijeni huingiza hewa ya nje, kompyuta ya injini ikadhani mafuta hayatoshi, nayo ikaongeza. Mtu hulia na bei ya petroli ilhali anaichoma bure kwa tundu la ukubwa wa punje ya mtama.

Nchi yetu hii ina mengine mawili ya kukumbukwa. La kwanza ni maji. Tumeyaona mafuriko ya 1997 na 1998, tukayaona ya 2018, na Novemba 2023 maji yaliikata barabara ya Garsen kwenda Lamu upande wa Gamba. Bomba linaloning'inia chini kuliko ekseli hung'olewa na kisiki cha kwanza kilichofichwa na tope. Bomba lililopandishwa vizuri husalimika, lakini lisimpe mtu kiburi cha kuingia majini. Hatari kubwa ya injini majini ni mdomo wa kuvutia hewa, na hatari kubwa ya mtu ni mkondo wenyewe. La pili ni moto. Katalitiki na mabomba ya mbele hupata joto la mamia ya digrii. Bati la kukinga joto, ambalo mafundi wengi hulitupa kwa kuwa linapiga kelele, liliwekwa kwa sababu. Kuegesha gari lenye joto juu ya nyasi kavu wakati wa kiangazi ni kuichezea malisho ya wenzetu wafugaji.

Je, mtu anunue wapi? Njia ni nne. Ya kwanza ni ekzosi halisi ya kampuni ya gari. Hukaa sawasawa na hudumu, lakini bei yake humtoa mtu jasho. Ya pili ni ya kampuni nyingine iliyotengenezwa kwa modeli hiyo hiyo ya gari. Hii huwa na nafuu, na ubora wake hutofautiana kama mchele sokoni, kwa hiyo atazame chuma, mshono na dhamana. Ya tatu ni ya mitumba kutoka Japani. Huko huweza kupatikana chuma kizuri, ila mnunuzi akumbuke kwamba nayo imekwisha kunywa maji yake kwa miaka. Aitikise, ikilia kwa mabati yaliyovunjika ndani, airudishe. Ya nne ni ya fundi wa jua kali. Siidharau hata kidogo. Fundi hodari aliyepewa bomba zuri, waya unaofaa na kipimo sahihi hutengeneza ekzosi inayoshinda nyingi za dukani, tena huitengeneza kwa njia zetu, akaipandisha pale inapogusa mchanga. Kasoro si jua kali. Kasoro ni kumpa fundi bati la hafifu na kumtaka atende karama.

Najua jibu litakaloletwa: hizo ni hadithi za wenye fedha. Mvuvi atapata wapi bei ya chuma cha pua? Swali hilo ni la haki, na nalijibu kwa hesabu. Tuseme bomba la kawaida lakugharimu fungu moja na linadumu mwaka na nusu, na bomba bora lakugharimu mafungu matatu na linadumu miaka tisa. Katika miaka hiyo tisa utakuwa umenunua lile la kwanza mara sita. Fauka ya hayo, kila mara utakuwa umelipa kazi ya fundi na umepoteza siku ya soko, samaki wakiyeyushiwa barafu. Rahisi ni ghali. Na ambaye hana kabisa mafungu matatu, anunue chuma kilichovikwa alumini, apake rangi ya joto kwenye kila mshono, na kila arudipo ufuoni aoshe gari chini kwa maji yasiyo na chumvi, bomba likiwa limepoa. Maji hayo na dakika kumi za kazi vitamwongezea bomba lake umri.

Lakini haifai kumtwika mwenye pikapu mzigo wote. Kanuni za ubora za nchi yetu haziruhusu kuingizwa gari la mtumba lililozidi miaka 8. Mbona spea za mtumba na mabomba yasiyo na jina hayaandikwi hata ni ya chuma gani? Shirika la kusimamia ubora wa bidhaa liwataka wauzaji wachape aina ya chuma kwenye bomba lenyewe. Magari ya biashara hutakiwa kukaguliwa kila mwaka. Basi mkaguzi asiishie kwenye taa na breki, ainame aone mdomo wa bomba umeelekea wapi na kama viungo vinavuja. Nayo serikali ya Kaunti ya Tana River, ambayo ina mamlaka juu ya vyuo vya ufundi vya vijiji, iwape mafundi wetu mafunzo ya kuchomelea chuma cha pua na vifaa vyake. Ujuzi huo utatengeneza ekzosi leo, na kesho utatengeneza matangi ya barafu, milango ya shule na boti.

Hadi hayo yatakapofanyika, kinga tuliyo nayo ni macho yetu wenyewe. Anayekwenda kununua ekzosi aulize mambo manne: ni chuma gani, kimeunganishwa kwa nini, mdomo wake unaishia wapi, na nani ataketi karibu nao. Swali la nne ndilo ambalo muuzaji hatakuuliza kamwe, kwa kuwa yeye hatakuwamo garini.